Pindo la Joho

Waliniletea joho ndani ya mfuko wa plastiki,
Omar Faki na mkewe, kutoka Wete.
"Bi Mize, si wewe utiaye miyaa rangi?
Hili lilikuwa jeusi. Leo ni rangi ya panya,
na mtoto ataoa Ijumaa ya tatu."

Nikalishika. Zito. Lanuka karafuu na nondo.

Miaka arubaini natia miyaa rangi hapa Tumbe.
Naujua mdaa unavyouma vidole,
naijua mzingefuri, hucheka siku ya kwanza,
siku ya nne jua limeshaitafuna.
Lakini hiki hakikuota kwetu.
Sufu, si sufi. Sufi twajazia mito;
sufu hunyolewa mgongoni mwa kondoo wa nchi za baridi,
asiyejua jasho ni nini.

"Sijui," nikawaambia.
Mume akatoa pesa. Nikasema, pesa ikae kwanza.

Usiku umeme ulikatika.
Mjukuu akanimulikia kwa simu, nami kwa wembe
nikafumua pindo, tundu kwa tundu,
na mle ndani, ambamo jua halikupata kuingia,
palikuwa na wekundu.

Si ule wa paketi za dukani kwa Kombo,
upigao kelele tangu mlangoni.
Huu ulichemshwa polepole
kwa mzizi nisioujua jina,
na mtu aliyekufa bila kuniachia kipimo.
Juu yake nili. Nili sijaipika;
bibi yangu alisema chungu chake hunuka kama choo
na hutoa kipande cha mbingu.
Juu ya nili, weusi.

Nani alilivaa jekundu?
Nani akaona haya, akalizamisha?
Msiba upi uliodai rangi ya tatu?
Na wao wameniapia:
"Babu hakupata kuwa na joho la rangi nyingine."

Asubuhi maji yalikupwa, nikashuka mikokoni.
Bwana misitu alikuwa akinywa chai.
Nikamwonyesha: magome ya mkandaa ulioanguka wenyewe.
Akahesabu vipande, akaniachia vitatu.

Nikanunua shabu, ile ile
wanaume wajipakayo wakishanyoa ndevu.
Nikachomoa uzi mmoja, nikaujaribu
katika kikombe kilichovunjika mkono.
Miyaa huibembeleza siku tatu.
Sufu ilikunywa
kama mfungaji adhana ya magharibi.

Basi moto mdogo. Ukiichemsha kwa hasira
itajikunja, utawarudishia kofia.
Nikakaa na mwiko tangu alfajiri hadi adhuhuri,
sikupokea salamu ya mtu.
Kwanza likawa rangi ya matofali,
kisha nikatia tope jeusi la mikokoni
na misumari yenye kutu ya mlango wa zamani,
na rangi ikageuka mbele ya macho yangu,
polepole, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.

Pindo sikulichovya.
Nililishikilia nje ya maji mpaka bega likafa ganzi,
halafu nikalikunja kama nilivyolikuta, nikalishona.

Alhamisi wakaja. Omar akalitandaza juani.
"Nyuzi hazikushika," akasema.
Kweli: mshono mzima ulibaki rangi ya chai,
kila tundu laonekana, laweza kuhesabiwa.
"Hizo ni pamba," nikamjibu.
"Pamba haifuati amri ya sufu."
Akataka kuzipaka kwa kalamu.

Mkewe hakusema kitu.
Alikuwa amepiga magoti, kidole chake
kikitembea juu ya mshono, bega hadi kiwiko,
kikarudi, kikatembea tena.
"Tazama zinavyolala," akasema.
"Fundi huyu alikuwa mashoto.
Kama mwanangu."

Omar akaitia kalamu mfukoni.
Kidole cha yule mwanamke kilikuwa kimefika pindoni,
kikasimama hapo.
Akanitazama.
Nikaanza kuosha kikombe.